Mbwa Aliyekula na Wanaume

Enzi zetu mbwa hakuwa na kitanda, hakuwa na daktari wake, na wala hakuna aliyemwita "mtoto wangu". Alikuwa na kazi. Kama ulikulia upande wetu wa Bunda, kando ya ile barabara ya vumbi inayoteremka mpaka Kisorya kwenye pantoni ya kuvukia Ukerewe, unajua ninachosema. Mbwa alilinda zizi, alifukuza tumbili kwenye mihogo, alimaliza ukoko wa ugali, na mwenye nyumba akimfokea alijua ndiyo salamu yake ya asubuhi. Siku hizi nawaona vijana hapa Bweri, mtaa ninaoishi sasa pembeni ya mji wa Musoma, wanatembeza mbwa kwa mkanda mwekundu. Kijana kavaa viatu vya kukimbilia, mbwa kamtangulia anavuta, na mimi nikiwa nafagia uwanja sijui kati yao nani anamfanyisha mwenzake mazoezi. Nacheka peke yangu, halafu namkumbuka Meneja.

Meneja alikuja kwetu ndani ya koti la Baba. Baba alikuwa amekwenda Butiama kumsalimia shangazi yetu, akakuta mbwa wa shangazi amezaa, akapewa kitoto kimoja. Kwa kuwa makondakta wa siku zile hawakutaka kuona mbwa ndani ya gari, alikifungia ndani ya koti lake la kanisani, vifungo mpaka shingoni, na jua lile. Kutoka Butiama mpaka Bunda mjini kitoto kililala. Baada ya Bunda kikaamka, kikafanya kile ambacho watoto wote hufanya wakiamka. Baba alifika nyumbani ameipanua mikono kama anayeogopa kujigusa, akamkabidhi Mama mbwa, akamkabidhi na koti, akaenda ziwani kuoga. Mama alinusa lile koti, akacheka mpaka akakaa chini.

Jina nalo lilikuwa na kisa chake. Wakati ule watu walipenda kuwapa mbwa majina ya kusemea. Jirani mmoja alimwita mbwa wake Mtachoka, wa pili akajibu kwa kumwita wa kwake Hatuchoki, na jioni kila mmoja akimwita mbwa wake aje kula, kijiji kizima kilitega sikio kufuatilia ugomvi umefikia wapi. Baba hakutaka ugomvi na mtu. Alikaa siku nzima akikitazama kitoto kinavyozunguka uwanja: kinakagua vyungu, kinachungulia zizi, kinaingia stoo, kinatoka, kisha kinalala kivulini bila kufanya lolote. "Huyu ni meneja," akasema, na jina likabaki.

Sasa nimweleze Baba, maana bila yeye hadithi hii haiendi. Baba yetu alikuwa mkali. Alikuwa na ng'ombe wachache na nyavu zake za kuvulia sato, na alikuwa na kikohozi kimoja cha langoni ambacho kikisikika tu, mpira wa makaratasi unafichwa na kila mtoto anashika jembe au kitabu, chochote kilicho karibu, hata kama kitabu kimeshikwa kichwa chini. Sikumbuki Baba kumpapasa mtu kichwani. Upendo wake wote ulikuwa ndani ya swali moja, "Mmekula?", na ukijibu ndiyo, mazungumzo yameisha. Nikiwaeleza wanangu wanashangaa, wanasema Babu alikuwa mkoloni. Hawajui jinsi tulivyojisikia salama tukilala, tukijua kile kikohozi kiko ndani ya nyumba.

Malezi ya Meneja yaliangukia kwa Mama, kama malezi ya sisi wote. Washauri hawakukosekana. Mmoja alisema apewe pilipili ndani ya ugali ili awe mkali. Mwingine akasema alishwe nyigu. Alipoanza kula mayai ya kuku, akaja mama mmoja na dawa ya kumbana kinywani yai lililotoka kwenye maji yanayochemka. Mama aliwasikiliza wote kwa heshima, akawapa na maji ya kunywa, walipoondoka akasema, "Mimi nataka mbwa, sitaki adui." Akahamisha viota vya kuku vikawa juu ya dari la stoo, na wizi wa mayai ukafa siku hiyohiyo. Naomba vijana wanaotafuta majibu kwenye simu walifikirie hilo.

Kubwa zaidi lilikuwa la dagaa. Siku zile dagaa walianikwa mchangani juu ya nyavu kuukuu, pwani nzima inang'aa kama bati jipya, na harufu yake ilikuwa inakupokea kabla hujaliona ziwa. Sisi watoto tukitoka shule kazi yetu ilikuwa kuwalinda wasiliwe na kuku, ndege na mbwa. Meneja alipoziona zile nyavu mara ya kwanza alisimama kama mtu aliyeingia kwenye sherehe akakuta meza imetandikwa na wenyewe hawapo. Alikula mpaka akashindwa kutembea. Majirani wakaja juu, na haki yao, maana ule ulikuwa ugali wa watoto wao.

Mama hakumpiga. Kuanzia kesho yake alimshibisha kwanza nyumbani, ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na mchuzi wa furu, visamaki vya ziwani, ndipo anashuka naye pwani. Kule alimlaza kando ya nyavu, kamba yake kaikanyaga kwa mguu, anaendelea kuchambua dagaa wake na kupiga soga na wenzake. Meneja akitazama dagaa, Mama kama hakumwona. Akigeuza macho amtazame Mama, anapata tonge la ugali. Akitazama dagaa, hakuna. Akimtazama Mama, tonge. Neno lilikuwa moja tu, "Tulia", na alilisema mara moja. Sisi tulipojaribu kulirudiarudia alitukata kauli: "Mkimwambia mara kumi, atajua zile tisa za mwanzo mlikuwa mnatania." Kabla mvua hazijaanza Meneja alikuwa ndiye mlinzi wa pwani, akifukuza kuku wa majirani kwa bidii iliyotuletea kesi nyingine, lakini hiyo tuliipokea kwa fahari.

Kanisani ndiko alikotuumbua. Alikuwa anatufuata kila Jumapili, na kamba ya katani kwake ilikuwa chakula. Akifika anakaa mlangoni kimya mpaka kwaya ianze, na sauti ya kwanza ikipanda, naye anainua pua anaingia kuimba nao. Mchungaji alisema kiumbe chochote kina ruhusa ya kumsifu Muumba, ila awe anasubiri zamu. Kaka yangu Bwire ndiye aliyegundua kwamba mbwa hajui siku, anajua ishara: anaona mashati meupe, anaona Mama katoa Biblia sandukuni, basi anajiandaa safari. Kwa hiyo tukatengeneza Jumapili za uongo. Katikati ya wiki, tukitoka shamba, tunavaa mashati ya kanisani, tunabeba Biblia na kitabu cha nyimbo, tunatoka mpaka kwenye mnyaa wa uzio, tunarudi, tunakaa. Tunatoka tena, tunarudi. Meneja mwanzoni aliruka kila safari, baadaye akawa anainua kichwa tu, mwishoni akawa halali wala haamki, anatutazama kama watu waliochanganyikiwa. Majirani walituona tunaingia na kutoka na Biblia siku za kazi, wakaanza kuulizana tumehamia dhehebu gani.

Kwa hiyo unaona, Meneja alikuwa amefundishwa akafundishika. Jikoni kwa Mama ungeweza kuweka kichwa cha sato sakafuni, mbele ya pua yake, ukaenda kisimani ukarudi ukakikuta. Mate yanamtoka, anageuza uso pembeni, lakini hagusi mpaka Mama aseme "Haya." Wageni wa kike walikuwa wanaletwa jikoni kuonyeshwa. Na ndiyo maana lile jambo la kibanda lilitutesa akili.

Nyumbani kwetu, kama kwenu labda, wanaume hawakula na wanawake na watoto. Mbele ya nyumba palikuwa na kibanda cha nyasi kisicho na kuta, na humo Baba alikula na wageni wake, au na wazee wa jirani, au peke yake. Sisi tulipeleka maji ya kunawa na chakula, tukapiga goti, tukaondoka. Kukaa pale na kutazama mtu mzima anavyotafuna, hilo lilikuwa halifikiriki. Bwire mwenyewe bado hakuwa ameruhusiwa. Na kutoka katika kibanda hicho ndiko malalamiko yalikokuwa yanakuja. Baba anarudi jikoni na uso wa radi: "Mbwa wenu hana adabu. Kamwekea mgeni wangu mguu gotini anaomba chakula. Ni ninyi mnaomzoesha huko jikoni!"

Sisi? Tuliapa. Mama naye akasema taratibu kwamba jikoni kwake hakuna anayempa mbwa kitu wakati wa kula. Baba akasema basi mbwa kajifunza kwa nani, kwa malaika? 

Ndipo zikaja habari za posa. Dada yetu mkubwa, Nyangeta, alikuwa amepata mchumba mwalimu, kwao Butiama, na wazee wa upande wa kijana walituma ujumbe kwamba wanakuja kuongea. Baba alituita uwanjani, jambo ambalo lilitokea kwa nadra sana, akanyoosha kidole kwa Meneja aliyekuwa anajikuna sikio. "Wale wazee wakija, huyu akinitia aibu mbele yao, kesho yake nampeleka Kisorya, anapanda pantoni, anakwenda kukaa kwa mjomba wenu Ukerewe. Mbwa wa nchi kavu ukimtupa atarudi. Maji hataweza kuyavuka."

 Mimi sikula jioni ile. Meneja alikuwa analala mlangoni kwetu, nikisikia pumzi zake kupitia upenyo wa mlango. Nilifikiria mlango bila zile pumzi, na ng'ambo yote ile ya maji, na yeye amekaa ufukweni mwa Ukerewe anatutafuta. Nililia chini ya blanketi, Nyangeta akanibembeleza, yeye bibi harusi.

Kulipokucha tukaanza kazi. Baba alikuwa mnadani, tukakiteka kibanda. Bwire alivaa kofia ya Baba, akakaa kwenye stuli ya mgeni, mimi nikamletea ugali na samaki aina ya ningu kwa adabu zote, na yeye akajifanya mkwe: anakohoa, anatema mate pembeni, anauliza habari za mvua. Meneja alikuja, akamtazama, akalala mbali, kidevu juu ya miguu. Tukarudia kila Baba alipotoka. Bwire akawa mkwe mpole, akawa mkwe mkali, akaangusha kipande cha samaki makusudi. Meneja hakuinuka. Nyangeta alikuja kutazama, akasema kwa mbwa huyu hata yeye anaona fahari kuolewa. Tukawa na uhakika kiasi kwamba siku yenyewe ilipofika, Mama alipouliza kama tumfunge, Bwire alisema, "Usimfunge Mama, atatuaibisha akiwa amefungwa. Mwache waone."

Walikuja wazee wanne na baiskeli zao, wamepauka kwa vumbi la barabara. Kwa kuwa lugha yao ya nyumbani si yetu, mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili, na msemaji wao alikuwa mzee mmoja mnene mwenye kofia ya pama na kicheko cha karibu. Kuku akachinjwa, na sato wakubwa wawili wakapikwa na nyanya na bizari, kile chakula ambacho sisi tulikinusa tu. Mimi nikapewa birika na beseni niwanawishe. Nikapiga goti, nikaambiwa nisiondoke mpaka wamalize kula. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona, na Bwire mpaka leo ananionea wivu.

Meneja aliingia kibandani taratibu, mkia chini, kistaarabu. Hakumtazama mgeni hata mmoja. Alikwenda moja kwa moja upande wa kulia wa stuli ya Baba, akajizungusha, akaketi. Na alipoketi niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa sababu sikuwahi kukaa pale muda mrefu: ardhi ya mahali pale ilikuwa na shimo dogo, limelainika kama bakuli, na makalio ya Meneja yaliingia ndani yake barabara. Akainua mguu akauweka juu ya goti la Baba. Baba akatazama paa. Meneja akamgonga tena kidogo. Baba, huku anaulizia hali ya malisho huko Butiama, akausukuma ule mguu kwa kiwiko bila kutazama chini.

Maskini Meneja hakuelewa. Alimtazama Baba kwa mshangao mkubwa, akasubiri kidogo, akaona labda leo zamu imehamia kwa jirani. Akahamia kwa mzee wa pama. Akamwekea mguu gotini, na yule mzee alipogeuka kuona ni nani, kichwa cha sato alichokuwa amekishika kwa vidole viwili, akikitafutia pa kuanzia, kikachukuliwa kwa upole kabisa, kama mtu anayepokea sakramenti.

  Baba akasimama, na sauti ilitoka ile ya langoni: "Mbwa huyu kesho haamkii hapa! Anakwenda Kisorya! Hawa watoto wamemharibu!"

 Mzee wa pama alimtazama Meneja aliyerudi na kichwa chake cha sato mpaka kwenye lile shimo, akaketi humo humo, anakula. Akalitazama shimo. Akaitazama stuli ya Baba. Tumbo lake likaanza kutikisika.

"Mkwe," akasema, "kaa chini. Mimi nimefuga mbwa tangu sijaota ndevu. Mbwa haombagi mtu ambaye hampaga. Hapa kuna mtu anampaga, tena si mtoto. Mtoto gani anakaaga kwenye hiyo stuli?"

Wale wengine watatu wakainamisha vichwa kwenye ugali, mabega yanacheka. Baba alibaki amesimama. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba anatafuta neno. Mwisho akakohoa, lakini kile kikohozi hakikuwa cha langoni, kilikuwa kidogo sana, na akakaa. "Mtoto," akaniambia bila kunitazama, "nenda jikoni."

Nilikwenda nikiruka. Nilimweleza Mama yote kwa pumzi moja, na Bwire na Nyangeta wakashikana mikono. Mama akaendelea kukwangua sufuria. "Mimi nikafikiri mnajua," akasema.

Sasa wewe ungefikiri mambo yameishia hapo. Baba zetu hawakuwa hivyo. Neno lilikuwa limetoka mbele ya watu, na wageni walipoondoka, posa imekubaliwa na kila mtu anacheka, Baba alitoa baiskeli asubuhi, akafunga tenga nyuma, akamweka Meneja ndani ya tenga. Hakumtazama yeyote. Bwire alimfuata akikimbia mpaka barabara kubwa, akarudi na vumbi usoni lililochorwa mistari. Mimi nilikaa kwenye mlango ambao Meneja alikuwa analala, nikasema sitaki kula tena maisha yangu yote. Mama alipita na mzigo wa kuni, akasema nisogee nisije nikakanyagwa. Saa ya kupika ilipofika alisonga ugali, na pembeni akasonga kile kidonge cha Meneja kama siku zote, akakiweka kwenye kipande cha chungu chake. Nilimchukia Mama wakati ule kwa kusahau haraka hivyo kwamba mbwa hayupo.

Jua likiwa limeegemea ziwa tukasikia kengele ya baiskeli. Baba alikuwa anasukuma, anapanda kile kilima cha mwisho, shati limelowa jasho, na nyuma ndani ya tenga ameketi Meneja, masikio yamesimama, anatazama nyumba za watu kulia na kushoto kama meneja kweli. Tulipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Baba aliegesha baiskeli ukutani.

"Pantoni imejaa," akasema. "Magari mengi."

Akaingia ndani. Jioni ileile alipita mama mmoja jirani yetu aliyekuwa ametoka Ukerewe siku hiyo na ndizi zake, akaanza kusimulia jinsi pantoni ilivyokuwa tupu, jamani, gari hata moja hakuna, watu wachache. Mama alimkatiza kwa kumuuliza bei ya ndizi, akamtazama kwa jicho lile ambalo wanawake wanalijua, akaununua ukimya wa yule jirani kwa kikombe cha chai. Safari ya Ukerewe haikutajwa tena nyumbani kwetu.

Na tangu siku hiyo, bila mtu yeyote kutuagiza, tukipeleka maji au chakula kibandani tulianza kuimba tukiwa bado mbali. Bwire alipiga mluzi, mimi niliburuza ndala. Tulimpa Baba nafasi ya kurudisha mkono kwenye sahani. Tukifika tunamkuta amekaa wima, mkali, anatazama mbele, na Meneja kwenye shimo lake anajilamba. "Mmekula?" anatuuliza. Tunasema ndiyo, tunaondoka, tukifika nyuma ya nyumba tunaangua kicheko.

Meneja alizeeka nasi. Nyangeta ana wajukuu sasa. Kibanda kilianguka mwaka mmoja wa mvua nyingi na hakikujengwa tena, kwa sababu watu walishaanza kula ndani, kwenye meza, wote pamoja, na mimi ni mmoja wa waliolipigania hilo. Nikiwa na nyumba yangu, nilisema, mume wangu atakula na mimi na watoto, na sijutii.

Mwezi uliopita Baba alikuja kwangu Bweri kuangaliwa macho. Amepungua, Baba. Kikohozi kimebaki lakini sasa ni cha kifua. Mwanangu Brayani ana mbwa, jina lake Bruno, wa manyoya marefu, amenunuliwa Mwanza, na anamfundisha kwa kutazama video. Ana kidude cha kubofya, ana mfuko wa biskuti kiunoni, anamsemesha Kiingereza, na mimi namtania kwamba mbwa huyu akipotea Mwigobero sokoni atahitaji mkalimani. Lakini kwa kweli mtoto anajua kazi. Bruno hapandi kochi, hamrukii mtu, na wakati wa kula analala kwenye zulia lake la mlangoni. Sheria ya nyumba ni moja, hakuna kumpa kitu mezani.

Tulikuwa tunakula sato. Baba alikuwa karibu na mlango, kwa sababu anapenda upepo. Nikaona mkono wake wa kulia unateremka taratibu pembeni ya kiti, na ndani ya vidole kuna kile kipande cha shavu la samaki, kitamu kuliko vyote. Anatazama mbele, mkali. Bruno akainua kichwa.

"Babu, no!" Brayani akasema, bila ubaya wowote, anacheka. "Usimpe, utamharibu. Tunamtreini."

Meza nzima ikageuka. Baba akarudisha mkono juu ya sahani.

"Samahani, mjukuu wangu," akasema.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Baba akisema neno hilo kwa mtu, na nilitamani nisingelisikia. Brayani alikuwa na haki. Mbwa wetu wa siku hizi wana adabu kuliko wale, chakula chao ni safi, na hakuna anayewalisha nyigu. Watoto wetu wanatukumbatia, wanatuambia wanatupenda, tena mbele za watu, na mimi nawajibu vivyo hivyo na moyo unapoa. Ila nyumba zetu hizi za matofali na taa kila kona, tulipozijenga, hatukumwachia mzee mahali pa kuwa mpole bila kuonekana. Baba alichambua samaki wake. Bruno alikuwa bado ameinua kichwa anamtazama.

Nikamwambia Brayani akimbie dukani aniletee chumvi. Nikawaambia wengine waje wanisaidie kupeleka vyombo jikoni, wote, sasa hivi. Nikafungulia bomba maji yapige kelele kwenye karai, nikawageuzia mgongo Baba na Bruno, nikaanza kuosha masufuria ambayo yalikuwa safi. Chumvi tulikuwa nayo tele.